Atget, mchuuzi wa picha aliyekataa kubadili kamera

Kwenye mlango wa ghorofa ya tano, namba 17 bis, mtaa wa Campagne-Première jijini Paris, kwa miaka mingi kulining'inia kibao kidogo kilichotangaza kwamba humo ndani huuzwa vielelezo kwa ajili ya wasanii. Kibao hicho hakikutaja studio wala sanaa. Mwenyewe, Eugène Atget, aliuza picha kama mwingine anavyouza vitenge au vipuri vya baiskeli. Alikuwa na mali yake, ghala lake na daftari la wateja, na karibu kila alfajiri alitoka na mzigo begani kwenda kutafuta mali mpya. Leo picha zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na ni vigumu kuandika historia ya upigaji picha bila kumtaja. Katika uhai wake alipigania kodi ya nyumba na mlo wa kesho, na swali lililomsumbua uzeeni lilikuwa lile linalomsumbua kila mfanyabiashara asiye na mrithi: mali hii nikishafumba macho itakwenda wapi?

Atget alizaliwa tarehe 12 Februari 1857 huko Libourne, mji mdogo karibu na Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi. Wazazi wote wawili walifariki angali mtoto, akalelewa na babu na bibi yake. Kijana huyo alifanya kazi melini kwa muda, kisha mwaka 1878 akahamia Paris akiwa na ndoto moja tu, kuwa mwigizaji wa tamthilia. Mara ya kwanza alishindwa mtihani wa kuingia chuo cha uigizaji. Mwaka uliofuata alikubaliwa, lakini alikuwa akitumikia jeshi wakati huohuo, na saa za kambini zikala saa za darasani. Mwaka 1881 chuo kilimfukuza.

Hata hivyo aliigiza. Alizunguka na vikundi vya maigizo katika miji midogo, akipewa nafasi ndogondogo ambazo hazimjengi mtu jina. Katika maisha hayo ya safari alikutana mwaka 1886 na mwigizaji Valentine Compagnon, mama wa mtoto mmoja wa kiume, wakaishi pamoja mpaka kifo. Mwaka 1887 ugonjwa wa koo ukamharibia sauti. Mwigizaji asiye na sauti hana kazi. Alijaribu kuchora, akaona kwamba mkono haukumkubali kiasi cha kumlisha. Kupitia jaribio hilo, hata hivyo, aliwafahamu wachoraji na kujua wanachohitaji.

Hapo ndipo biashara yake ilipoanzia. Mchoraji wa Paris aliyetaka kuweka mti, lango la kale au mkokoteni katika picha yake hakuwa na muda wa kwenda kuutafuta kila mara. Vivyo hivyo fundi wa kuchonga mbao aliyeagizwa kutengeneza ngazi ya mtindo wa zamani, mfua vyuma aliyetaka kuona makomeo na vibao vya maduka ya kale, au mtengeneza mandhari za jukwaani. Wote walihitaji kielelezo kilicho wazi chenye kila kijipande, cha kuwekwa mezani na kunakiliwa. Atget alijifunza kupiga picha mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1892 tangazo la huduma yake lilionekana katika jarida moja la sanaa. Alikuwa na miaka 35, umri ambao wengi huona wamechelewa kuanza biashara ya pili, kwake ikiwa tayari ni ya nne.

Kamera yake inataka maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata.

Wakati Atget anaanza, tayari palikuwa na njia rahisi. George Eastman wa Marekani alikuwa ameleta sokoni kamera ya Kodak mwaka 1888, sanduku dogo la kushika mkononi, lenye filamu ya kuviringisha. Mtu alipiga, akapeleka filamu kusafishwa, akapata picha. Atget aliiacha njia hiyo. Alichukua kamera ya mbao yenye mvukuto, ile ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, inayotumia mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi kichwani, hutazama kioo cha ukungu kilicho nyuma ya kamera, na humo huiona taswira ikiwa juu chini, kushoto kulia. Akishalenga, hukiondoa kioo cha ukungu na kuingiza bamba lenye dawa. Kamera, miguu yake, vishikio na mabamba vilikuwa mzigo wa karibu kilo 20, na mzigo huo aliubeba mwenyewe, kwa miguu, kwa treni au kwa gari la abiria, kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa nini ajitese hivyo? Jibu limo katika bidhaa yenyewe. Siku zile picha nyingi zilichapwa kwa kulaza bamba la kioo juu ya karatasi na kuviweka juani, hivyo picha ilitoka na ukubwa uleule wa bamba. Ukitaka kumuuzia mteja picha ya sentimita 18 kwa 24 yenye kila ua la chuma kwenye roshani, basi bamba lako liwe la ukubwa huo. Mteja wa Atget alinunua maelezo, ndiyo sababu kamera ndogo haikufaa kwa bei yoyote.

Jambo la pili ni mjongeo, na hapa naomba msomaji afanye jaribio. Simama mbele ya ghorofa yoyote ndefu mjini kwenu, shika simu, uielekeze juu mpaka paa lionekane. Utaona kuta mbili za pembeni zinaegemeana kuelekea juu, kama jengo linataka kuanguka chali. Hilo halisababishwi na ubovu wa simu. Sababu ni kwamba uso unaopokea picha umeinama na haukutazamana tena na ukuta wa jengo sambamba. Kwa fundi anayetaka kupima uwiano wa lango kutokana na picha, picha ya namna hiyo haina thamani.

Kamera ya mvukuto huliondoa tatizo hilo kwa njia rahisi ajabu. Sehemu ya mbele inayobeba lenzi na sehemu ya nyuma inayobeba bamba ni fremu mbili tofauti, zimeunganishwa kwa mvukuto tu. Mpiga picha huisimamisha kamera wima kabisa, haiinamishi hata kidogo, halafu huinua ubao wa lenzi peke yake kwenda juu. Paa huingia kwenye picha, barabara tupu iliyo mbele hutoka, na kuta hubaki zimenyooka. Ukiusogeza ubao pembeni, unaweza kusimama kando ya kitu na bado ukakipiga kama uliyesimama mbele yake. Kuna na mjongeo wa kuinamisha lenzi yenyewe. Theodor Scheimpflug, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Austria, aliueleza kihesabu katika hataza yake ya mwaka 1904, akionyesha kwamba bapa la lenzi, bapa la picha na bapa la kitu kinachopigwa yakikutana kwenye mstari mmoja, kitu chote hutoka wazi, hata sakafu inayoanzia miguuni pako mpaka ukuta wa mbali. Atget alitegemea zaidi ule wa kuinua lenzi, nao uliendana na mitaa yake, kwani mitaa ya Paris ya kale ni myembamba, hakuna nafasi ya kurudi nyuma ili jengo zima liingie.

Mjongeo huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo inaonekana mpaka leo. Lenzi hutupa nuru yake kwa umbo la duara. Bamba likikaa katikati ya duara, pembe zake zote nne hupata nuru. Ukiinua lenzi mno, duara hupanda na pembe za bamba hutoka nje yake. Katika picha nyingi za Atget sehemu ya juu imekatwa na tao jeusi pembe zote mbili. Mpiga picha wa studio angeona aibu akaitupa. Yeye aliiuza. Mteja alitaka lango, na lango lilikuwa limenyooka. Huyu alikuwa mtu aliyejua mteja wake analipia nini na hakupoteza nguvu kwa kile asicholipia. Wapo wataalamu waliokuja kuzisifu pembe hizo kama ubunifu. Binafsi naona ni hesabu ya biashara tu.

Kamera za namna hii hazikufa. Viwanda kama Linhof cha Ujerumani, na Sinar na Arca-Swiss vyenye asili ya Uswisi, vimezitengeneza mpaka zama za kidijitali, ambapo mahali pa bamba la kioo hukaa kifaa cha kupokea nuru cha upana wa milimita 54 hivi. Wanaozitumia ni wapiga picha wa majengo, wa bidhaa za matangazo, wa kazi za sanaa. Sasa hapo swali la kuchagua kamera hugeuka. Bamba la Atget lilikuwa na upana wa milimita 240, yaani zaidi ya mara nne ya kifaa hicho. Pale Atget alipoinua lenzi milimita 20, kamera ya kidijitali inayopiga mandhari ileile huinua kama milimita 4 na nusu tu. Ubao wa mbao unaosukumwa kwa mkono na kukazwa kwa skrubu ulimtosha yeye, maana kosa la milimita moja lilipotea katika ukubwa wa bamba. Kwenye kifaa chenye nukta milioni 150, kila nukta haifiki elfu nne za milimita, na kosa hilohilo laonekana waziwazi picha ikikuzwa.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo huuliza maswali ambayo Atget hakuwa na haja nayo. Je, mjongeo unaendeshwa kwa meno ya chuma yanayozunguka taratibu, au kwa kusukuma? Je, fremu mbili zikirudishwa sifuri zinakuwa sambamba kweli, au kwa macho tu? Ukikaza kufuli, lenzi inahama kidogo? Mvukuto ni laini kiasi cha kukunjika wakati lenzi fupi imeikaribia nyuma? Na lile swali la duara la nuru liko palepale, kwa sababu lenzi isiyotupa duara pana hufanya mjongeo wote uwe wa bure, hata kamera iwe ya bei gani. Kuna wanaosema kompyuta hunyoosha kuta baada ya kupiga. Ni kweli, hunyoosha, lakini kwa kuvuta upande mmoja wa picha kama mpira, na palipovutwa uwazi hupungua. Kwa picha ya kutumiwa kwenye simu hilo halina neno. Kwa kazi inayolipiwa kwa sababu ya uwazi wake, ni kumpunja mteja.

Turudi Paris. Mwishoni mwa miaka ya 1890 watu wa jiji hilo walishtuka kuona mji wao wa kale unatoweka. Katikati ya karne hiyo Baron Haussmann alikuwa amebomoa mitaa mingi kupasua barabara pana, na ubomoaji uliendelea baada yake. Pakazuka vyama na kamati za kutetea Paris ya kale, maktaba zikaanza kukusanya kumbukumbu. Atget alinusa soko. Kuanzia 1897 na 1898 aliielekeza kamera kwenye nyumba, nyua, ngazi, visima na vibao vya maduka, akaanza kuuza kwa taasisi: makumbusho ya Carnavalet, maktaba ya historia ya jiji, Maktaba ya Taifa, na hata makumbusho ya Victoria and Albert ya London. Mwaka 1906 maktaba ya jiji ilimpa kazi ya kuupiga mji wa kale eneo kwa eneo kwa utaratibu.

Mteja mmoja mkubwa ni afadhali kuliko wadogo mia, lakini mteja mkubwa ana kiburi chake. Atget naye hakuwa mnyenyekevu. Alijua thamani ya mali yake na alibishana na wakuu wa maktaba kuhusu kazi na malipo mpaka uhusiano mmojawapo ukavunjika. Wateja wadogo hakuwaacha. Alikuwa na kitabu cha anwani zao, kila mtu na kazi yake na saa ya kumkuta. Alipomtembelea mteja alibeba albamu za vielelezo, mteja akachagua, yeye akarudi nyumbani kuchapa zilizochaguliwa. Kila bamba lilikuwa na namba, iliyokwaruzwa kwenye kioo kwa mkono wake, na mabamba yaligawanywa kwa mafungu: Paris ya kale, viunga vya mji, mandhari, na kadhalika. Mteja akiagiza tena picha ya miaka kumi iliyopita, namba ile ilimwelekeza kwenye bamba lake.

Kati ya 1898 na 1900 alipiga fungu ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalipenda kuliko yote, la wachuuzi wa mitaani. Yumo muuza vifuniko vya taa aliyejitundikia bidhaa mwili mzima, muuza vikapu ambaye haonekani kwa wingi wa vikapu, mpiga kinanda cha mtaani akiwa na binti anayeimba uso umejaa furaha. Baadhi zilitolewa kama kadi za posta. Baadaye akawapiga waokota vitambaa na chuma chakavu waliokaa kwenye vibanda nje ya ngome za mji. Kati ya albamu alizoziuza kwa Maktaba ya Taifa kuanzia 1910, moja ni ya kazi za mitaani, maduka na meza za bidhaa. Wengine wa zama zake walipowapiga maskini waliwafanya kichekesho au kiini cha huruma. Atget aliwapiga kama watu walio kazini. Ukitazama vizuri utaona kwamba walisimama wakatulia kwa ajili yake, kwa maana bamba lake lilikuwa la polepole na haliwezi kuibia mtu picha. Walimkubalia. Yeye pia alikuwa na mzigo begani.

Upolepole huo ulimfanya apendelee alfajiri, kabla ya mitaa kujaa. Aliyepita mbele ya kamera wakati bamba likiwa wazi aliacha kivuli kama moshi, au hakuacha kitu. Ndiyo maana Paris yake ni tupu, maduka yamefungwa, mawe ya barabara yana unyevu. Picha ya mwaka 1908 ya mlango wa mkahawa uitwao Au Tambour inawaonyesha watu wawili wakichungulia nyuma ya kioo, na kwenye kioo hichohicho imo taswira ya kamera juu ya miguu yake. Ni miongoni mwa mara chache ambapo mchuuzi anaonekana pamoja na chombo chake cha kazi.

Nyumbani maisha yalikuwa ya kubana. Chumba kimoja kilikuwa cha giza cha kusafishia mabamba. Uchapaji ulitegemea jua, na siku ya mawingu karatasi moja iliweza kukaa dirishani saa nyingi. Inasimuliwa kwamba kwa sababu ya ugonjwa wa tumbo aliishi miaka mingi kwa maziwa, mkate na sukari, na kwamba hakuna aliyeweza kumtoa kwenye mlo huo. Alikuwa mtu wa msimamo mkali katika kila jambo, kuanzia chakula hadi siasa.

Vita vya mwaka 1914 vilimvunja. Mwana wa Valentine, Léon, aliuawa vitani katika miezi ya mwanzo. Biashara ilisimama. Atget aliyashusha mabamba yake katika chumba cha chini ya jengo kuyakinga na mabomu, na kwa muda karibu aache kabisa kupiga. Vita vilipokwisha alikuwa mzee asiye na mtoto, mwenye maelfu ya vioo vyembamba ambavyo mtu yeyote angeweza kuvikwangua dawa na kuviuza kama vioo vya madirisha. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, kwani mabamba mengi ya wapiga picha wa karne hiyo yaliishia hivyo.

Mwezi Novemba 1920 alimwandikia Paul Léon, mkuu wa idara ya sanaa serikalini. Alieleza kwamba kwa zaidi ya miaka 20 amekusanya mabamba ya mitaa ya kale, kwamba anaweza kusema Paris ya kale yote iko mikononi mwake, na kwamba umri unakwenda, hana mrithi, anaogopa mali hiyo isije ikaangukia kwa watu wasioijua. Serikali ikakubali. Alikabidhi mabamba 2,621 kwa faranga 10,000. Gawanya mwenyewe: hazifiki faranga 4 kwa bamba. Kuna wanaosema alipunjwa, na pengine ni kweli. Lakini mtu huyu alikuwa anatafuta ghala lenye ulinzi kuliko faida, na fedha hizo zikamwezesha, akiwa na miaka 63, kupiga anachotaka badala ya kinachouzika. Bustani za Versailles, Saint-Cloud na Sceaux alizozipiga miaka hiyo ya mwisho, asubuhi zenye ukungu, wengi wanaziona ndizo kazi zake bora.

Kwenye mtaa huohuo aliishi Man Ray, msanii kijana kutoka Marekani. Alizigundua picha za jirani yake na kununua kadhaa. Mwaka 1926 jarida la wasanii waliojiita wasurrealisti lilichapa baadhi, mojawapo ikiwekwa kwenye jalada: kundi la watu mtaani wakitazama kupatwa kwa jua. Atget aliomba jina lake lisitajwe, akisisitiza kwamba hizo ni kumbukumbu tu. Man Ray pia alitaka kumwazima kamera ndogo ya kisasa, mzee akakataa. Kwa maelezo yake, kamera hiyo ilikuwa na haraka kuliko fikra zake. Vijana walicheka. Lakini wateja walimjua kwa bamba la 18 kwa 24, namba zote za daftari lake zilikuwa za bamba hilo, na macho yake yalikuwa yamezoea kupanga dunia iliyopinduka kwenye kioo cha ukungu. Kubadili chombo kungekuwa kuanza biashara ya tano akiwa na karibu miaka 70.

Msaidizi wa Man Ray, Mmarekani Berenice Abbott, hakucheka. Aliziona picha mwaka 1925, akaanza kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, akinunua moja moja kadiri ya uwezo wake. Valentine alifariki mwaka 1926 na mzee akabaki peke yake. Mwaka 1927 Abbott alimwomba aje studio kwake ampige picha. Alitarajia kumwona katika nguo zake za kazi zenye viraka, mzee akaja amevaa koti zuri. Abbott alipokwenda kumpelekea picha hizo, kibao cha mlangoni hakikuwepo tena. Atget alikuwa amefariki tarehe 4 Agosti 1927.

Mali iliangukia mikononi mwa rafiki yake wa tangu siku za uigizaji, André Calmettes, aliyekuwa akiendesha jumba la maonyesho huko Strasbourg. Calmettes aliyatoa mabamba 2,000 hivi kwa idara ya majengo ya kumbukumbu ya serikali. Yaliyobaki Abbott aliyafuata kwa barua mpaka mwaka 1928 akauziwa: zaidi ya mabamba 1,000 na maelfu ya picha zilizochapwa. Hakuwa tajiri. Aliyafunga kwenye masanduku, akavuka nayo bahari hadi New York mwaka 1929, akatafuta mbia, dalali wa sanaa Julien Levy, ili asiyauze kwa shida. Kitabu cha kwanza cha picha za Atget kilitoka mwaka 1930. Abbott mwenyewe alinunua kamera kubwa ya mvukuto, ya inchi 8 kwa 10, akaanza kuipiga New York ilivyokuwa ikibomolewa na kujengwa upya. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1939.

Kwa miaka 40 aliihifadhi shehena ile, akichapa, akionyesha, akigonga milango ya makumbusho yaliyomjibu kwa adabu tu. Mwaka 1968 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalinunua mkusanyiko wote. Yale mabamba 2,621 ya mwaka 1920 yapo Ufaransa, kwenye hazina ya kumbukumbu ya serikali, pamoja na yale aliyoyatoa Calmettes. Kwenye picha zilizochapwa kutokana na mabamba hayo, ukitazama ukingoni, mara nyingi namba aliyoikwaruza mzee kwa ajili ya daftari lake bado inasomeka.